Gari la Mwisho ni Saa Ngapi?

Basi langu kutoka Dar es Salaam liliingia stendi ya Igumbilo saa tatu na dakika ishirini usiku. Ilikuwa Julai, majira ambayo baridi ya Iringa inapita kwenye sweta kana kwamba hukuvaa kitu. Tulishuka abiria kama thelathini. Wachache walikuwa na ndugu waliokuja kuwapokea, wakapakia mizigo wakaondoka. Sisi wengine tulijikusanya nje ya geti tukiulizana jambo lile lile: daladala za mjini bado zipo? Kijana aliyekuwa anachoma mahindi akatujibu kwa upole, "Ilikuwepo moja hapa, imeondoka sasa hivi. Labda itarudi."

Pembeni yangu alisimama mama mwenye mtoto mgongoni, begi mkononi na kiroba cha mchele miguuni. Alikuwa anakwenda Kihesa. Aliisubiri ile "labda" kwa dakika arobaini, amemfunika mtoto kitenge cha pili, na kila taa za gari zilipotokea barabarani aliinua shingo. Mwisho akakubali bei ya bajaji aliyoikataa tangu mwanzo, na sasa ilikuwa imepanda. Mimi nilipanda bodaboda, mlima wote wa kutoka Ipogolo upepo unanipiga usoni, nikimfikiria yeye.

Tangu usiku ule nimekuwa nikiwauliza makonda wa mji huu swali moja: gari la mwisho ni saa ngapi? "Inategemea na abiria, mzee wangu." "Mpaka watu waishe." "Saa tatu, saa tatu na nusu hivi, mvua ikinyesha tunawahi kulaza." Hakuna aliyenidanganya. Iringa haina gari la mwisho, kama isivyo na gari la kwanza. Magari yanakuwepo mpaka dereva atakapoona leo basi.

Nadhani ugonjwa wa usafiri katika miji yetu midogo uko hapo. Tunazungumza sana juu ya uchache wa magari, ubovu wa magari, lugha za makonda, na yote ni kweli. Lakini unaweza kuongeza Hiace hamsini kesho asubuhi na yule mama bado akabaki getini saa tatu usiku, kwa sababu hakuna mtu aliyeahidi kwamba gari litaondoka saa fulani, na hakuna aliyekubali kulipia siti zitakazokuwa tupu saa hiyo. Mambo haya mawili, ahadi ya saa na malipo ya siti tupu, ndiyo usafiri wa umma. Bila hayo kilichopo ni biashara ya kubeba watu pale wanapokuwa wengi.

Asiyeujua mji huu aupige picha hivi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya laki mbili kidogo katika Manispaa ya Iringa. Mji wenyewe umekaa mlimani. Barabara kuu ya Tanzam, inayobeba mabasi na malori ya Mbeya na Zambia, inapita bondeni Ipogolo, karibu na Mto Ruaha Mdogo. Ukishuka barabara kuu, mji uko juu yako. Juu huko ndiko kuna Soko Kuu, Miyomboni, hospitali ya rufaa ya mkoa, benki na ofisi, na vyuo vikuu vinavyojaza mji vijana kila muhula unapofunguliwa. Ni mji mdogo kiasi kwamba dereva mzoefu anaweza kukutajia ruti zake zote kabla chai haijapoa. Mji wa namna hii unapaswa kuwa rahisi kuuhudumia kuliko Dar es Salaam mara mia.

Zamani stendi ilikuwa katikati ya mji. Ulikuwa unashuka basi, unatembea hatua chache uko sokoni. Kisha stendi kuu ikahamia Igumbilo, chini, kwenye barabara kuu. Iringa haiko peke yake katika hili: Morogoro wana Msamvu, Tanga wana Kange, Dodoma wana Nanenane, na Dar es Salaam mabasi ya mikoani yamehamia Mbezi Luis tangu 2021. Sababu za kuhamisha ni za maana. Mabasi makubwa yalikuwa yanabana mitaa iliyojengwa kwa ajili ya magari madogo, na ardhi ya kutosha haipatikani tena mjini. Sina ugomvi na uamuzi wenyewe. Ila kila stendi inapotolewa mjini, kila abiria anaongezewa safari moja fupi, ile ya kutoka getini mpaka nyumbani, na safari hiyo hakuna aliyeipangia chochote. Michoro inaonyesha maduka, vyoo, maegesho, mnara wa taa. Gari la kumpeleka mtu Kihesa haliko kwenye mchoro.

Halafu mwaka 2023 likaja jambo lililoongeza uzito. Serikali iliondoa zuio la mabasi kusafiri usiku, lililodumu tangu miaka ya 1990, na kuanzia Oktoba mwaka huo Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, ikaanza kuruhusu safari za saa zote. Kwa mfanyabiashara na mgonjwa anayekwenda Muhimbili huo ni ukombozi, na niliufurahia. Lakini mabasi yalipopewa usiku, miji ya njiani haikupewa. Basi linaweza kufika Igumbilo saa sita usiku kwa kibali halali na ratiba iliyoandikwa, likawashusha watu mahali ambapo usafiri wa mji wao ulishalala zamani.

Sasa twende kwenye hesabu, maana bila kuielewa hesabu tutaendelea kuwalaumu makonda bure. Daladala nyingi zinaendeshwa hivi: mwenye gari anapanga kiasi ambacho dereva lazima amkabidhi kila jioni. Hiyo ndiyo hesabu. Dereva anaweka mafuta, anamlipa konda, anawapoza wapiga debe, na kinachobaki ndicho mshahara wake. Siku mbaya hakibaki kitu. Akikosa hesabu siku tatu, gari anapewa dei waka mwingine.

Chukua Hiace yenye siti 15 za abiria. LATRA ilipopandisha nauli Desemba 2023, daladala ya umbali usiozidi kilomita 10 ilitoka shilingi 500 ikawa 600. Gari likijaa, safari moja ni 9,000. Tuseme mafuta na mengineyo ya safari hiyo ni 3,000. Kwa dereva na hesabu yake inabaki 6,000. Gari likiondoka na watu sita tu, mapato ni 3,600, na ukitoa mafuta imebaki 600. Kwa hiyo konda anaposimama mlangoni dakika ishirini akiita "Mjini, mjini, siti mbili hizo" wakati siti zilizobaki ni tisa, anachopigania ni shilingi 5,400. Ungekuwa wewe, ungesubiri. Mimi ningesubiri.

Lakini angalia upande wa pili wa hizo dakika ishirini. Ndani ya gari wamekaa watu sita. Kila mmoja amepoteza dakika ishirini. Ukizijumlisha ni saa mbili za maisha ya watu. Mmoja anawahi kliniki, mwingine amefungiwa geti la chuo, wa tatu mteja wake anamsubiri na nguo ya kushona. Saa hizo mbili haziingii kwenye daftari la mtu yeyote. Dereva haziathiri hesabu yake, mwenye gari hazioni, halmashauri haizihesabu. Zinalipwa na wale sita, kimya kimya, kila siku.

Mwaka 1972 mchumi wa Marekani, Herbert Mohring, aliandika jambo ambalo konda wa mji mdogo analijua kwa uzoefu tu. Alisema muda ambao abiria anasubiri ni sehemu ya gharama ya usafiri sawa na mafuta. Abiria wakiwa wengi, magari yanaondoka kila baada ya dakika chache, na kila abiria mpya anampunguzia mwenzake kusubiri. Ruti ya Mbagala, Dar es Salaam, inajilisha yenyewe kwa njia hiyo. Katika mji mdogo gurudumu linazunguka kinyumenyume: abiria wachache, gari linasubiri kujaa, mwenye uwezo anachoka na kununua pikipiki, abiria wanapungua, gari linasubiri zaidi. Mohring alitumia hoja hiyo kuonyesha kwa nini fedha za umma zina haki ya kuingia kwenye usafiri wa mabasi, na mimi naona hoja hiyo ina nguvu zaidi Iringa na Njombe kuliko katika majiji makubwa.

Ukitaka ushahidi kwamba abiria wanaikimbia subira kuliko wanavyoukimbia ubovu wa gari, tazama bajaji. Mwaka 2010 zilitungwa kanuni za kuzipa leseni bodaboda na bajaji kubeba abiria, na tangu hapo mitaa yetu imebadilika kabisa. Watu wanadhani bajaji imeishinda daladala kwa sababu inaingia uchochoroni. Hilo lipo. Lakini kwenye ruti ile ile, barabara ile ile ya lami, mtu anaiacha Hiace yenye siti laini anapanda bajaji ya kubanana, kwa sababu bajaji inajaa kwa watu watatu. Watatu wakipatikana, safari. Abiria amepiga kura yake: anataka chombo kinachoondoka.

Madereva wa daladala wanaliona hilo kama wizi wa riziki, na katika miji ya nyanda za juu tumeona migomo ya kutaka bajaji ziondolewe kwenye ruti za daladala. Naelewa uchungu wao. Dereva wa Hiace amelipia leseni ya ruti, analazimishwa kwenda mpaka mwisho wa njia, akikata ruti anapigwa faini, na njiani anakuta bajaji inazoa vichwa vyake vinavyolipa na kumwachia wanafunzi na mizigo. Ila kuzifukuza bajaji ni kumrudisha abiria kwenye subira ile aliyoikimbia. Kazi ya bajaji katika mji kama huu ni kuwatoa watu mitaani, kule ambako masika barabara za udongo hazipitiki kwa Hiace, na kuwafikisha kwenye ruti kuu. Ili akubali kushuka bajaji na kupanda daladala, lazima awe na uhakika daladala haitamkalisha robo tatu saa. Tunarudi pale pale kwenye saa ya kuondoka.

Nimewataja wanafunzi, na hapa nataka kukaa kidogo kwa sababu jambo hili linaniuma.

Nenda kituo chochote cha pembezoni saa kumi na mbili na robo asubuhi mwezi wa saba. Utawakuta wamejipanga, wa darasa la tatu mpaka kidato cha nne, mikono imeingizwa ndani ya mikono ya sweta, pumzi zinatoka mvuke. Gari linakuja likipunguza mwendo. Konda anachungulia, ananyoosha vidole viwili: "Wawili tu, wawili!" Wakubwa wanaruka, mlango unafungwa, gari linaondoka na siti zinaonekana. Nilimwona msichana mdogo, labda wa miaka tisa, ameshika shilingi 200 yake kiganjani tangu alipofika. Magari matatu yalimpita. Kila lilipopita aliitazama ile sarafu, kana kwamba kasoro ilikuwa kwake.

Nauli ya mwanafunzi ilibaki 200 hata wakati ya mtu mzima ilipofika 600. Ni uamuzi mzuri wa nchi. Mtoto lazima afike shule. Lakini shilingi 400 ya tofauti analipa nani? Analipa konda. Nchi imefanya uamuzi wa huruma halafu ikauweka kwenye mfuko wa mtu mwenye kipato kidogo kuliko wote ndani ya gari. Kisha tunamtuma trafiki amkamate akiwakataa. Wapo makonda wema wanaowabeba wote na kuumia. Siku mbaya wanakosa hesabu na kesho yake gari lina konda mwingine. Mfumo unamwadhibu mwema, halafu tunashangaa wema wamekwenda wapi.

Wazee hukumbuka kwamba haikuwa hivi tangu mwanzo. Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, liliundwa 1974 kama huduma ya umma, likashindwa mwanzoni mwa miaka ya themanini kwa uhaba wa mabasi na vipuri, na mwaka 1983 serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi. Nauli ilikuwa shilingi tano, sarafu iliyoitwa dala, na jina likabaki. Daladala ilizaliwa kama dawa ya dharura, nayo imefanya kazi ambayo dola ilishindwa. Lazima tuseme hivyo kwa heshima. Ila dharura ilipopita hatukukaa chini na wenye magari tukaandikiana: wewe utaondoka saa hizi, sisi tutakulipa hivi. Tuliwapa leseni na faini basi.

Na tungekaa nao, nani angekaa upande wetu? Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Stendi na ushuru wake ni vya halmashauri. Leseni ya ruti na nauli ni LATRA. Anayesimamia mwenendo barabarani ni polisi wa usalama barabarani. Kila ofisi ina sehemu yake na inaweza kukuonyesha taarifa ya mwaka inayopendeza. Lakini ukiuliza ni afisa gani kazi yake ni kuhakikisha mtu anayeshuka Igumbilo saa tatu usiku anafika Mkwawa, mikono inanyooshwa kuelekea ofisi ya jirani. Sidhani ni uzembe wa mtu. Safari ya abiria imekatwa vipande vinne na hakuna aliyepewa kuishona.

Ningependa kazi hiyo apewe halmashauri, na LATRA iipe nguvu ya kisheria. Mkurugenzi wa mji anaweza kupita vituo vyote kwa mchana mmoja. Diwani anapanda daladala hizo hizo, au mkewe anapanda.

Kila ninapoleta wazo la ratiba, kuna jibu ninalolipata haraka: watu wetu hawaendi na saa. Nalikataa, na ushahidi wangu uko Igumbilo hapo hapo. Basi la Dar likiandikiwa kuondoka saa kumi na mbili kamili asubuhi, saa kumi na moja na nusu abiria wamefika, na mzigo umeshafungwa. Bibi aliyetoka kijijini, asiye na saa mkononi, amefika kabla ya wote. Anajua basi halimsubiri. Watu huheshimu saa ya chombo kinachoheshimu saa. Mtu yule yule ukimwona kituo cha daladala anachelewa, anazungukazunguka, ananunua karanga, ni kwa sababu amejifunza kwamba kuwahi hakumsaidii kitu.

Uswisi walilielewa jambo hili kwa nchi nzima. Mwaka 1982 walipanga treni zao ziondoke dakika ile ile ya kila saa, na mabasi ya vijijini yakafungamanishwa na treni hizo, kiasi kwamba mtu wa kijiji cha mlimani hana haja ya kukariri ratiba ndefu. Nchi hiyo ni tajiri, na wala sisemi tuige treni zake. Ninachokiona ni kwamba hawakuanza kwa kuongeza kasi. Walianza kwa kufanya gari liweze kutabirika, na hasa kwa kufanya linalofika lipokewe na linaloondoka. Igumbilo inahitaji hilo hilo kwa Hiace: mabasi ya mikoani yana ratiba inayojulikana na LATRA, kwa hiyo saa za kumwagika abiria zinajulikana pia. Kinachobaki ni mtu wa kuziunganisha.

Pendekezo langu ni dogo kwa makusudi. Halmashauri isinunue mabasi. Mabasi ya halmashauri yatazinduliwa kwa utepe, na baada ya miaka mitatu yatakuwa juu ya mawe yakisubiri gearboksi. Badala yake inunue muda wa kuondoka. Ichague saa ambazo biashara peke yake haiwezi kuzibeba, kisha iwalipe wenye daladala waliopo kwa kila gari linaloondoka kwa wakati, limejaa au halijajaa.

Tuanze na usiku. Magari saba kutoka Igumbilo kwenda mjini, kila nusu saa kuanzia saa moja mpaka saa nne usiku. Kila gari linaloondoka ndani ya dakika tano za saa iliyoandikwa linalipwa fidia ya shilingi 5,000, ambayo ni karibu sawa na lile pengo la 5,400 la siti tupu tulilolipigia hesabu. Likichelewa, halilipwi. Saba mara 5,000 ni 35,000 kwa usiku. Kwa mwaka mzima haifiki milioni 13. Ukiongeza safari kama hizo za alfajiri, za kuwawahisha watu kwenye mabasi ya Dar na Mbeya, bado uko chini ya milioni 26. Stendi inakusanya ushuru wa mabasi na kodi za vibanda kila siku. Abiria ndiye anayeileta fedha hiyo, na si haki irudi yote kwenye mambo mengine wakati yeye anatetemeka getini. Baada ya saa nne ziwepo bajaji za zamu, zilizosajiliwa, na bei ya kila mtaa iandikwe ukutani kwa rangi, ili mama mwenye mtoto mgongoni asipatane bei peke yake gizani.

Kwa wanafunzi njia ni hiyo hiyo. Safari mbili za asubuhi kwa kila ruti ya pembezoni zilipwe kama safari za shule, gari lijae watoto tupu, na ile tofauti ya 400 ifidiwe kwa gari zima badala ya konda kuhesabu vichwa mlangoni. Watoto wenyewe waendelee kulipa 200 yao.

Kuna ugumu halisi, na sitaupita juujuu. Wamiliki wengi ninaowafahamu ni watu wa gari moja: mwalimu aliyekopa, muuguzi, mtu wa mbao aliyeuza shehena akaamua kuweka gari barabarani. Halmashauri haiwezi kuandikiana mkataba na watu sitini mmoja mmoja. Lazima pawe na chama chenye akaunti, chenye orodha ya zamu na nguvu ya kumwambia mwanachama, "Leo saa nne usiku ni zamu yako, hata kama mvua." Kenya walilazimisha matatu, daladala zao, zote ziingie kwenye Sacco, yaani chama cha ushirika, au kampuni mwanzoni mwa miaka ya 2010, na faida moja waliyoipata ni kuwa na mtu wa kuzungumza naye. Lakini pale mwenye gari alipoendelea kudai kiwango chake cha kila siku, Sacco ilipanga foleni tu na mbio zikaendelea. Kwa hiyo kwenye mkataba wetu liwemo sharti kwamba gari lililo kwenye zamu inayolipwa na umma, siku hiyo dereva na konda wana ujira uliopangwa. Ndipo dereva atakapoweza kuwasha gari saa mbili na nusu akiwa na watu wanne ndani, bila kuona mtoto wake anakosa ada.

Watu pia watauliza kuhusu udanganyifu: gari likae nyumbani, daftari liseme liliondoka. Hilo lina dawa. Mabasi ya mikoani tayari yanafungwa vifaa vya kufuatilia mwendo ambavyo LATRA inaviona kutoka ofisini, na kifaa cha namna hiyo kwenye Hiace kumi na mbili hakiwezi kuishinda manispaa. Hata kabla ya kifaa, mkaguzi mzuri kuliko wote ni abiria anayejua saa. Siku gari la saa tatu lisipokuwepo saa tatu, watu ishirini watakuwa na hoja na namba ya simu ya kupiga. Leo hawana hoja, kwa sababu hakuna walichoahidiwa.

Sokoni nilimuuliza mama mmoja wa mboga kwa nini anafunga meza saa kumi na mbili jioni, wakati wateja wa ofisini ndio kwanza wanapita. Akanijibu huku anafunga mafungu ya mchicha kwenye kanga, "Mwanangu, nikikosa gari la kwetu, bodaboda inakula faida yote ya leo." Saa moja na nusu ya mauzo mazuri anaiacha kila siku kwa kutojua. Magari yenyewe hupita mpaka saa mbili na zaidi, nimeyapanda. Yeye hawezi kuyategemea, basi kwake ni kama hayapo.

Maandalizi ya bajeti za halmashauri huanza miezi mingi kabla ya Julai, mwaka wa fedha unapofunguka. Ombi langu kwa madiwani wa Iringa, na wa mji wowote uliotoa stendi yake nje, ni kifungu kimoja kwa miezi mitatu ya baridi, kwenye ruti moja, Igumbilo na mjini. Hakihitaji mshauri mwelekezi. Kinahitaji kikao na wenye daladala, daftari la getini, na fundi wa kuandika mabango. Bango la kwanza liwekwe pale abiria wanapotokea, juu kidogo ya vichwa vya watu, chini ya taa, herufi zisomeke hata na aliyeamka usingizini kwenye basi: Gari la mwisho la mjini, saa nne kamili usiku.